Inchi Kumi na Sita

Kila mkazi wa mjini anaijua sailensa. Ni lile kopo la chuma lililo kwenye ekzosi ya gari au pikipiki, ambalo baadhi ya vijana wetu wa bodaboda hulitoboa makusudi ili chombo kingurume na mtaa mzima ujue wamefika. Juma hili nitazungumza juu ya sailensa ya namna nyingine, ile inayofungwa kwenye mdomo wa bunduki, pamoja na bunduki zenye mitutu mifupi. Nimepata barua kutoka kwa msikilizaji mmoja wa Tabata, ambaye kazi yake ni ulinzi wa usiku. Anasema ameona filamu nyingi ambamo muuaji anafyatua bastola na mlio wake ni kama mtu aliyepiga chafya ndani ya mto wa kulalia. Anauliza: mzee, mambo hayo ni kweli? Mwizi akija na kitu hicho usiku, mwenzangu wa lango la pili atasikia nikipigwa?

Hilo ni swali la mtu ambaye roho yake imo ndani ya jibu, kwa hiyo sitalijibu kwa neno moja. Nitaanzia mbali kidogo, huko Texas, kwa sababu ndiko nilikokiona kitu hicho kwa macho na, kwa bahati mbaya, kukisikia kwa masikio.

Mwaka 2024 nilikwenda kumtembelea mpwa wangu anayeishi karibu na Houston. Jirani yake, fundi wa viyoyozi, mtu mkarimu sana, alitualika Jumamosi moja kwenye uwanja wa kulenga shabaha. Nilitegemea kukuta watu wanaofyatua risasi. Kumbe sehemu kubwa ya siku watu wale walikuwa wameketi kwenye mabenchi wakibishana. Na ubishi wenyewe! Sisi tunabishana juu ya Simba na Yanga. Wao walikuwa wakibishana juu ya inchi. Mmoja alikuwa na bunduki yenye mtutu wa inchi kumi na nusu na akaapa kwamba hakuna ifaayo kuliko hiyo. Mwingine alisema chini ya inchi kumi na nne risasi ile haifanyi kazi yake. Wa tatu, mzee mwenye kofia ya majani, akasema wote wawili wanapoteza fedha, kwani tatizo si mtutu bali ni aina ya risasi. Kisha wakaanza ubishi wa sailensa, ipi nyepesi, ipi inarudisha moshi usoni, ipi inapunguza desibeli ngapi.

Nilimwuliza mwenyeji wetu kwa nini inchi zina uzito namna ile. Akaingiza mkono katika mfuko wa suruali ya kazi, akatoa utepe wa kupimia, ule ule anaopimia mabomba ya viyoyozi, akaniambia: hii ndiyo sheria yetu.

Hakuwa anatania. Kwa sheria ya serikali kuu ya Marekani, raifo ya kawaida hapana budi iwe na mtutu usiopungua inchi 16, na shotigani inchi 18, na bunduki nzima isiwe fupi kuliko inchi 26. Ukiwa na raifo ya mtutu wa inchi 16 unaweza kuinunua dukani na kwenda nayo nyumbani siku hiyo hiyo katika majimbo mengi. Ukate inchi moja bila kibali, na umetenda kosa linaloweza kukufunga miaka kumi. Bunduki ni ile ile, risasi ni zile zile, mwenyewe ni yule yule. Kilichobadilika ni kipande cha chuma kisichozidi urefu wa kiungo kimoja cha kidole.

Ilikuwaje taifa kubwa kama lile likafika kupima makosa kwa utepe? Turudi mwaka 1929. Tarehe 14 Februari, ndani ya gereji moja mjini Chicago, watu saba walisimamishwa ukutani wakauawa kwa bunduki za rashasha aina ya Thompson na shotigani. Ulikuwa wakati wa marufuku ya pombe, na magenge yaliyofanya biashara hiyo ya magendo yaligombania miji kama fisi na mzoga. Picha za maiti wale zilijaa magazetini. Halafu tarehe 15 Februari 1933, huko Miami, mtu mmoja alimfyatulia bastola Franklin Roosevelt, aliyekuwa amechaguliwa kuwa Rais lakini hajaapishwa bado. Roosevelt alinusurika, Meya wa Chicago, Anton Cermak, aliyekuwa karibu naye, alipigwa risasi na baadaye akafa.

Basi Roosevelt alipoingia madarakani, Mwanasheria Mkuu wake, Homer Cummings, akapeleka Bungeni muswada wa kudhibiti silaha za majambazi. Muswada ule wa kwanza ulizitaja bunduki za rashasha, na pia bastola za kila aina, maana bastola ndiyo silaha inayofichika. Lakini watunga sheria si wajinga. Walijua kwamba ukiibana bastola, mjanja atachukua raifo au shotigani ya halali, ataikata mtutu na kitako kwa msumeno, na atakuwa amejitengenezea bastola yake mwenyewe. Ndiyo sababu wakaongeza kifungu cha kuzibana bunduki zilizofupishwa.

Kilichofuata ni jambo la kawaida katika mabunge yote ya dunia. Wenye bastola walipiga kelele, vyama vya walenga shabaha vikaja juu, na bastola zikaondolewa katika muswada. Kifungu cha bunduki fupi hakikuondolewa. Ni kama halmashauri fulani itunge sheria ya kupiga marufuku visu, na kwa kuwaogopa wajanja iongeze kwamba ni marufuku pia kulikata panga mpaka liwe kisu. Kisha madiwani wakae kikao, waviruhusu visu, na wakisahau pale pale kifungu cha panga. Matokeo yake visu vinauzwa dukani, na aliyekata panga lake anakwenda jela.

Roosevelt aliitia saini sheria hiyo tarehe 26 Juni 1934. Haikupiga marufuku kitu chochote waziwazi. Ilisema tu kwamba anayetaka bunduki ya rashasha, au bunduki fupi, au sailensa, aiandikishe serikalini na alipe kodi ya dola 200. Leo dola 200 ni bei ya simu ya kawaida, lakini mwaka 1934 zilikuwa fedha nyingi mno, zaidi ya dola 4,500 za sasa; bunduki yenyewe ya Thompson ilikuwa na bei ya karibu kiasi hicho. Kwa hiyo kodi ilikuwa ukuta. Na jambo la kuchekesha ni kwamba Bunge halikuipandisha kamwe. Miaka ilipita, dola ikapungua thamani, ukuta ukazidi kuwa mfupi mpaka watu wakaanza kuuruka bila kukunja suruali. Kipimo cha raifo nacho kilikuwa inchi 18 mwanzoni; mwaka 1960 Bunge likakishusha hadi inchi 16, na dunia haikuanguka.

Wapo wanaosema mambo haya ni mchezo wa wanasheria. Ningekubali, kama si habari ya mlimani Idaho.

Mwezi Oktoba mwaka 1989, mtu mmoja aitwaye Randy Weaver, aliyekuwa akiishi na mke na watoto wake katika kibanda alichokijenga juu ya mlima, aliuza shotigani mbili zilizokatwa mitutu. Mnunuzi alikuwa mpashaji habari wa serikali. Weaver hakuwa mtu ambaye mimi na wewe tungependa kuwa naye mezani. Alikuwa na imani za ubaguzi wa rangi na alihudhuria mikutano ya watu wa namna hiyo. Serikali ilimtaka naye awe mpashaji habari dhidi ya wenzake, akakataa, na ndipo akashtakiwa kwa zile shotigani. Mitutu yake ilikuwa mifupi kuliko inchi 18. Kisha ikatokea kosa la makarani: aliandikiwa barua iliyotaja tarehe ya kesi isiyo sahihi. Hakufika mahakamani, hati ya kumkamata ikatolewa, naye akajifungia mlimani na familia yake.

Tarehe 21 Agosti 1992 maofisa waliokwenda kupeleleza kibanda kile walikutana msituni na mtoto wake wa kiume, Samuel, mwenye umri wa miaka 14, mbwa wao na rafiki wa familia. Risasi zikalia. Mtoto alikufa, na ofisa mmoja, William Degan, alikufa. Siku ya pili yake mlenga shabaha wa FBI alimpiga mke wa Weaver, Vicki, aliyekuwa amesimama mlangoni amembeba mtoto mchanga wa miezi kumi. Mama alikufa pale pale. Watu watatu wakawa wamekufa. Mwaka 1993 baraza la wazee wa mahakama lilimwona Weaver hana hatia katika shtaka la zile shotigani. Alikutwa na hatia ya kutofika mahakamani na kukiuka masharti ya dhamana. Mwaka 1995 serikali ilikubali kuilipa familia dola milioni 3.1. Na mwaka huo huo wa 1995, aliyelipua jengo la serikali huko Oklahoma City na kuua watu 168 alitaja kisa cha Weaver miongoni mwa visasi vyake.

Kwa hiyo nilipoona ule utepe wa fundi wa viyoyozi sikucheka sana.

Lakini tuache mahakama kidogo, tuulize: mtutu mfupi unafanya nini hasa? Risasi husukumwa na gesi ya baruti inayoungua. Kadiri inavyokaa ndani ya mtutu ndivyo gesi inavyozidi kuisukuma. Ukiukata mtutu, risasi inatoka kabla baruti haijamaliza kazi yake. Raifo ya jeshi la Marekani ya wakati wa vita vya Vietnam, M16, ilikuwa na mtutu wa inchi 20 na risasi yake ndogo ya milimita 5.56 ilitoka kwa mwendo wa zaidi ya mita 900 kwa sekunde. Ipunguze hadi inchi 10 na utapoteza zaidi ya mita 100 kwa sekunde. Risasi ile ni nyepesi, haifiki hata gramu nne na nusu, na nguvu yake yote imo katika mbio zake. Ukiipunguzia mbio umeipunguzia kila kitu. Baruti isiyoungua ndani huungulia nje, kwa hiyo unapata mwako mkubwa machoni na mlio mkubwa zaidi masikioni. Unachofaidi ni wepesi wa kugeuka nayo ndani ya gari au katika korido nyembamba. Askari wanaoingia majumbani wanahitaji jambo hilo. Fundi wa viyoyozi siku ya Jumamosi, sina hakika.

Hapo ndipo yule mzee mwenye kofia ya majani alipokuwa na hoja. Mwaka 2011 chama cha watengenezaji wa silaha na risasi wa Marekani kilipitisha rasmi risasi iitwayo 300 Blackout. Wazo lake ni rahisi na, lazima nikiri, la akili. Walichukua ganda la ile risasi ya 5.56, wakalifupisha, wakaliwekea kichwa kinene na kizito zaidi. Baruti yake huungua karibu yote ndani ya mtutu mfupi, wa inchi tisa hivi. Zipo za namna mbili. Moja ina kichwa cha gramu saba au nane na inakwenda kasi, nguvu yake ikikaribia ile ya risasi ya AK-47. Nyingine ina kichwa kizito cha gramu 14 na inakwenda polepole makusudi, chini ya mwendo wa sauti. Hiyo ya pili ndiyo rafiki wa sailensa, na nitaeleza sababu baada ya muda mfupi.

Kwanza niseme juu ya hatari moja. Kwa kuwa ganda ni la ukoo mmoja, risasi hizi mbili zinaingia katika magazini ile ile. Mtu akijisahau akaweka 300 Blackout katika bunduki ya 5.56, inaweza kuingia chemba, na akifyatua, kichwa kinene kinalazimishwa kupita katika tundu jembamba. Bunduki hupasuka mikononi. Ajali hizo zimetokea. Pale uwanjani niliona magazini zilizozungushiwa utepe mwekundu na nyingine wa rangi ya samawati, nikadhani ni mapambo. Mwenyeji wetu akanionyesha kovu kwenye kidole gumba na kuniambia kwamba mapambo yale aliyaanza akiwa amechelewa.

Sasa sailensa. Aliyeibuni ile iliyouzwa kwa wingi kwanza ni Mmarekani Hiram Percy Maxim, aliyepata hati ya uvumbuzi mwaka 1909. Jina Maxim si geni kwetu. Baba yake, Hiram Stevens Maxim, ndiye aliyebuni bunduki ya mashine ya Maxim mwaka 1884, ile iliyowafyeka maelfu huko Omdurman nchini Sudan mwaka 1898. Bunduki za mashine za ukoo huo ndizo walizokuwa nazo Wajerumani huko Mahenge tarehe 30 Agosti 1905, wakati wa Vita vya Maji Maji, zilipowamiminia risasi babu zetu waliokuja juu yao kwa maelfu. Baba yule alipozeeka alikuwa kiziwi, kwa miaka mingi ya kusimama karibu na mashine yake. Mtoto akatengeneza kitu cha kupunguza mlio. Mtoto huyo huyo alishughulika pia na kupunguza kelele za injini, na mwaka 1914 akawa mmoja wa waasisi wa chama cha Marekani cha watu wa redio za ridhaa, jambo ambalo sisi wa redio tunamshukuru.

Kwa hiyo sailensa ya bunduki na ile ya pikipiki ni ndugu, na kazi yao ni moja. Gesi ya moto inatoka kwa nguvu kama soda iliyotikiswa ukaifungua ghafla. Sailensa inaipa nafasi ya kutanuka na kupoa kabla haijafika nje. Lakini angalia: mlio wa bunduki si mmoja, ni mitatu. Kuna mlipuko wa gesi mdomoni. Kuna mlio wa vyuma vya bunduki vinavyokwenda na kurudi. Na kuna mpasuko wa risasi yenyewe hewani, kwa sababu sauti hutembea kama mita 340 kwa sekunde, na chochote kinachokwenda kwa kasi kuliko hiyo hupasua hewa kama mjeledi njia nzima. Sailensa inaugusa ule wa kwanza tu. Huo wa mjeledi hauwezi kuugusa, maana hautokei kwenye bunduki. Ndiyo sababu wakatengeneza ile risasi nzito inayokwenda polepole.

Na tarakimu zinasemaje? Raifo ya 5.56 bila kitu chochote inapiga kama desibeli 160 na zaidi sikioni mwa mfyatuaji. Sailensa nzuri inapunguza kati ya 20 na 35. Kupunguza 30 kunamaanisha nguvu ya sauti imegawanywa kwa elfu moja, na hilo si jambo dogo. Lakini 160 ukitoa 30 unabaki na 130. Hiyo bado ni kali kuliko nyundo ya mashine inayovunja lami ya barabara. Wataalamu wa masikio wanasema mlio wa ghafla wa desibeli 140 unatosha kudhuru sikio mara moja. Sailensa kwa hiyo inakutoa katika hatari ya papo hapo, ikakuacha mlangoni mwake. Mashabiki wa kule hukasirika ukisema sailensa, wanataka iitwe kipunguza sauti, na kwa hili wana haki. Huko Norway na Finland mwindaji kuifunga ni jambo la kawaida, na haionekani kama chombo cha wauaji bali kama adabu kwa majirani na kwa masikio yake mwenyewe.

Mimi nilijifunza hayo kwa ujinga. Mwenyeji wetu alipofunga sailensa yake nilivua kinga ya masikio ili nisikie huo ukimya. Nilikuwa nimesimama upande wa kulia wake, sikio langu la kushoto likielekea kwake. Alikuwa ameweka risasi ya kawaida, ya kasi, na mimi sikuuliza. Sikio lile lilivuma kama nyuki waliofungiwa chunguni kwa muda wa siku mbili, na mpaka leo simu ninaisikiliza kwa sikio la kulia. Mpwa wangu aliniambia kwa heshima zote kwamba mjomba ana umri wa kutosha kuuliza kwanza.

Tatizo la kufuata mambo kwa inchi ni kwamba biashara nayo ina utepe wake. Mwaka 2012 kampuni moja ilionyesha serikali kifaa cha kufunga nyuma ya bastola kubwa zenye umbo la raifo, ili askari mstaafu mwenye ulemavu aweze kuishikiza kwenye mkono wake na kufyatua kwa mkono mmoja. Serikali ikasema hiki si kitako, ni kishikizo. Bastola ibaki bastola. Watu wakakitazama kishikizo kile, wakakiweka begani, wakaona kinakaa vizuri kama kitako. Ghafla raifo fupi zikawa zinauzwa kwa jina la bastola, bila kodi, bila maandikisho. Serikali ilipokuja kushtuka na kutoa kanuni mpya mwezi Januari 2023, yenyewe ilikadiria vishikizo vipo milioni tatu. Watafiti wa Bunge walitaja kati ya milioni 10 na 40. Walioandikisha hadi muda ulipokwisha walikuwa kama robo milioni. Mwezi Juni 2024 mahakama moja ya Texas ikaifuta kanuni yote.

Silaha za namna hiyo hazikubaki viwanjani. Tarehe 4 Agosti 2019 huko Dayton, Ohio, mtu mmoja aliua watu tisa kwa muda wa nusu dakika hivi kabla polisi hawajamwua. Tarehe 22 Machi 2021, katika duka kubwa la vyakula huko Boulder, Colorado, waliuawa kumi. Wauaji wote wawili walibeba bastola ya umbo la raifo yenye kishikizo. Je, wangeua wachache kama wangekuwa na mtutu wa inchi 16? Sidhani, maana mtutu mrefu unaipa risasi nguvu zaidi, haipunguzi. Hapo mashabiki wananishinda. Lakini na wao wanaposema inchi hazina maana yoyote, nawauliza kwa nini basi walitumia jitihada yote ile kuzikwepa. Hawana jibu zuri, wanarudi kwenye desibeli.

Baadaye ukuta wa 1934 ulianguka kwa sehemu. Bunge la chini lilitaka kuzitoa sailensa kabisa katika sheria ile, ikashindikana katika Baraza la Seneti, na wakakubaliana kwa njia ya katikati: katika sheria kubwa ya bajeti iliyotiwa saini na Rais Donald Trump tarehe 4 Julai 2025, kodi ya dola 200 kwa sailensa na bunduki fupi ilifanywa sifuri kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Alama za vidole, picha na maandikisho vimebaki. Hata kabla ya hapo, mwaka 2021, sailensa zilizoandikishwa zilikuwa zaidi ya milioni 2.6. Majimbo machache, kama California na New York, yanazipiga marufuku. Mwenyeji wetu wa Texas hakungoja Februari. Mpwa wangu ananiandikia kwamba mwezi wa kwanza haujaisha alikuwa amekwisha peleka fomu mbili.

Sasa nirudi kwa ndugu yangu wa Tabata. La filamu ni uongo. Bastola yenye sailensa, hata kwa risasi ya polepole, haipigi chafya. Mwenzako wa lango la pili, kama hajalala, atasikia kitu. Swali gumu ni atadhani amesikia nini. Tarehe 31 Mei 2019, katika ofisi za manispaa ya Virginia Beach, mfanyakazi mmoja aliua watu 12 kwa bastola, na bastola yake mojawapo ilikuwa na sailensa iliyonunuliwa kihalali. Wamo walionusurika waliosema mlio ulikuwa kama mashine ya fundi ya kupigilia misumari. Walisikia, lakini hawakutambua mara moja, na dakika za mwanzo ndizo dakika za kukimbia. Walinzi wa hifadhi ya Kruger huko Afrika Kusini nao wanajua habari hiyo. Wamekamata majangili wa vifaru wenye raifo zilizofungwa sailensa, na taabu yao si kwamba mlio haupo, bali kwamba askari aliye mbali hausikii, na aliye karibu anausikia bila kujua umetoka upande gani.

Kwa hiyo wewe na mwenzako msitegemee mlio. Kubalianeni muda wa kupigiana filimbi au kuonyeshana tochi, kila robo saa au kila nusu saa, na filimbi isipojibiwa msiende kuulizana mmoja mmoja. Na bosi wako akikuambia filimbi ni gharama, mwonyeshe gazeti hili.